Nilivyokanyaga Dagaa Siku ya Kujitambulisha Ukweni

Naomba mcheke sasa hivi, mmalize kabisa, halafu ndiyo nisimulie kwa amani, maana kisa chenyewe hakina sehemu hata moja ambayo mimi naonekana mtu wa maana.

Nilikwenda Kigoma kujitambulisha ukweni. Mchumba wangu Zuhura ni mtoto wa Ujiji, mimi ni wa Mbagala, na wazee wake walikuwa wamepanga kunipokea nyumbani kwao baada ya swala ya alasiri. Akaniweka kwenye hoteli moja ya ufukweni, yenye viti vya kujinyoosha kivulini, juisi ya pasheni ya baridi na upepo wa ziwa unaopuliza kama umeajiriwa, yeye akatangulia nyumbani. Maagizo yake yalikuwa mafupi: "Idi, kaa hapo. Kula, lala, oga. Usitoke."

Mtu mwenye akili angeitii amri hiyo huku anashukuru. Mimi ilipofika saa tano nikaona sikusafiri kwa treni umbali wote ule kuja kulala kwenye kiti, nikatembee nione maisha halisi ya wananchi (maneno hayo nilimwambia dada wa mapokezi kwa sauti kubwa, Mungu anisamehe). Yule dada akanitazama miguuni.

"Kaka, huvai viatu? Mchanga wa huku ukipata jua si mchezo."

Nikamjibu kwamba sisi watu wa Pwani hatufundishwi mchanga. Nikatoka peku, tumbo wazi, na kaptula ya kuogelea yenye picha za minanasi.

Mwanzoni nilipita pale maji yanapolamba ufuko, baridi nzuri, najiona mpelelezi mkubwa. Baadaye mawe yakaziba njia ikabidi nipande juu kuyazunguka, nikatembea, nikatembea tena, na nilipotokeza upande wa pili nikajikuta kwenye mwalo wa wavuvi, jua la saa sita limesimama kichwani na mchanga umekuwa kikaango. Hatua ya kwanza nilijikaza. Ya pili nikasema "aisee". Ya tatu nilikuwa naruka kama kuku aliyechinjwa, natafuta popote pa kuweka nyayo, na ndipo nikaona mbele yangu kitu kipana, cheupe, kinachong'aa, nikadhani ni turubai, nikajitupa juu yake kwa miguu yote miwili.

Zilikuwa dagaa. Dagaa za watu, zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu, zinakaribia kukauka. Nikateleza, nikaanguka chali, na katika kujaribu kuinuka kwa heshima nikazisagasaga zile zilizokuwa zimenusurika.

Mama mmoja mnene, kilemba cha bluu, akashika kichwa akapiga kelele: "Mawe! Mawe weee! Dagaa zangu!"

Sasa hebu niambieni nyinyi. Mtu umekulia Mbagala, umefanya kosa mbele za watu, unasikia sauti inaitisha mawe, utafanya nini? Nilikimbia. (Baadaye ndiyo nikaelezwa kwamba kwa Kiha mama wa watu alikuwa anamlilia mama yake tu, kama sisi tunavyosema "mama yangu weee", wala hakuna aliyekuwa na wazo la kumpiga mtu kwa jiwe.) Lakini mgeni asiye na shati akikimbia, kila mtu anajua huyo ni mwizi, kwa hiyo wanaume waliokuwa wanashona nyavu nao wakasimama, wakanifuata, na mimi kwa busara zangu nikakimbilia mahali pekee palipokuwa wazi, yaani ziwani. Nikaingia mpaka kifuani. Siwezi kuogelea.

Mwalo mzima ukajipanga ufukweni kunitazama.

"Wewe kijana, toka majini!" akaita mzee mmoja.

"Sitoki mpaka muahidi!"

"Tuahidi nini? Umeiba nini kwani?"

Hapo ndipo nilipoongeza kosa lililozidi yote. Nikapaza sauti: "Mimi si mwizi! Mimi ni mkwe wa Mzee Bilali wa Ujiji!"

Mama wa dagaa akatoa simu kifuani, taratibu kabisa, akasema, "Mzee Bilali? Dada yake ninamfahamu vizuri, ngoja."

Nusu saa baadaye shangazi yake Zuhura, Bi Mwajuma, ambaye nilitakiwa kukutana naye nikiwa nimevaa kanzu na kofia, aliteremka kwenye bodaboda na khanga mkononi, akaja mpaka kwenye maji. Nikasema, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Jifunge hii," akasema bila kunitazama. "Minanasi hiyo inatosha."

Alasiri nikaketi mbele ya Mzee Bilali, kanzu imenyooka, nyayo zina malengelenge. Zuhura alikuwa chumba cha pili na sikumsikia hata akikohoa, nikajua nimeshaachwa. Mzee hakucheka. Aliniuliza jambo moja tu.

"Jina langu nilikuwa nimeshakupa?"

"Hapana, mzee."

"Ila umelitumia."

Akaniagiza nirudi mwaloni kesho yake, nimwombe radhi yule mama kwa jina langu mwenyewe, nigeuze dagaa zake mpaka zikauke, ndipo nije tuanze mazungumzo upya. Nikaenda. Siku mbili nzima niliokota mchanga kwenye dagaa na kufukuza kunguru, huku wanawake wakinifundisha Kiha na kunicheka kwa zamu, na siku ya tatu yule mama mwenyewe akanisindikiza Ujiji, akaingia mbele yangu akasema, "Bilali, huyu mtoto ni mjinga lakini hachoki." Ndiyo sifa pekee niliyoolea.

Nimeapa. Siku hizi nikikutwa na kosa popote, nasema Idi wa Mbagala, basi. Ni jina lisilomtisha mtu, wala halina shangazi wa kupigiwa simu.