Mzamiaji wa Kware Aliyegonga Ukuta

Jumatatu asubuhi mtunzaji wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa mtaani Kware alivunja mlango wa jirani yangu akamkuta amefariki kitandani. "Huyu buda hajaonekana tangu Jumamosi," alisema, akinitazama kana kwamba ningejua. Kweli nilipaswa kujua. Kati yangu na jirani huyo palikuwa na ukuta mmoja tu.

Msomaji wangu, marehemu alikuwa mzamiaji. Alizaliwa magharibi, mbali na bahari, akaenda Pwani kutafuta kazi ya hoteli na kuishia kuwashusha wageni chini ya maji kutazama papa. Sikio moja lilipoharibika, daktari akamkataza kuzamia, ndipo akaja sokoni Gikomba kutengeneza zipu za jaketi za mitumba. Wateja walimchokoza: "Mzee, tuambie ya papa!" Naye aliwaambia bila kuchoka kwamba papa hataki fujo. Usipigepige maji, usimguse, usimwondolee macho. Simama wima, mtazame, kisha rudi polepole. Zaidi ya yote, usishuke peke yako.

Nilimcheka hadi siku mbwa mkali alipotukabili njiani tukitoka kununua mboga. Nilikuwa nimeshainua mguu nitimue mbio. "Wacha kukimbia!" alifoka. "Tuunganishe migongo. Wewe angalia huko, mimi nimwangalie huyu." Basi tukaenda hivyo hatua kwa hatua, fungu la sukuma mkononi, mpaka getini, huku watu wa ghorofani wakivunjika mbavu. Mbwa alichoka akaenda zake. Sijawahi kujiona mjinga kiasi kile, wala salama kiasi kile.

Chini ya maji, alinieleza, mtu hawezi kuita; hugonga mtungi wake wa hewa ili mwenzake ageuke. Kwa hiyo kila asubuhi aligonga ukuta kwa kijiko, mara mbili: uko? Nami nilitakiwa kujibu mara mbili: niko. Nilijibu miezi mingi, kisha nikaanza kuona kero. Mimi huandika asubuhi, nikajiambia, na mzee huyu ananikatiza mawazo. Nikaacha kujibu. Aligonga wiki nzima. Jumapili hakugonga, na nitasema ukweli ingawa unanichoma: niliufurahia ule utulivu, nikaandika vizuri.

Tumebanana katika maghorofa haya hadi tunajua jirani kaunga mboga na nini, tukadhani kubanana ndiko kuishi pamoja. Ndugu zake walikuwa mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya karibu nilikuwa mimi. Hakuna anayeweza kuniambia kama angepona iwapo ningekwenda kumwangalia, na hilo ndilo ninaloamka nalo. Chumba chake kimefungwa, na kila asubuhi nasikiliza ukuta kwa upweke ambao sikuujua alipokuwa hai.

Jana niligonga ukuta wa upande wa pili, anakoishi fundi viatu ambaye sijawahi hata kumsalimu. "Niaje, kuna noma?" akauliza. Nikamwambia hakuna shida, nilitaka tu kujua kama yuko. "Niko," akasema.

Miaka yote ile kati ya papa, jirani yangu hakushuka peke yake hata siku moja. Alikuja kufia peke yake hapa, ukutani kwangu. Ukigongewa, jibu.