Vigae vya Mama Omari

Mwanaidi alipoachwa hakumlilia mume, alimlilia mama mkwe. Majirani wa kwao Magoma waliposikia hivyo walicheka hadi wakashika mbavu, maana tangu lini mwanamke akamtamani mama wa mwanamume? Wenzake wakiachika, hilo ndilo la kwanza kumshukuria Mungu.

Lakini majirani hawakuijua nyumba ile. Mwanaidi alikuwa ameolewa Vuga, juu milimani, na Omari, kijana aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge huko bondeni na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, akakaa siku nane akaondoka. Siku nyingine zote Mwanaidi alibaki na mama yake Omari, ambaye alikuwa mfinyanzi. Ukihesabu vizuri utaona Mwanaidi aliolewa na mama zaidi ya mwana.

Mama Omari hakuwa mtu wa maneno matamu, wala hakuwa mtu wa kufundisha kama wanavyofundisha wengine, shika hapa, bonyeza pale. Alimwonyesha mkwewe udongo unakochimbwa, akamwacha atazame jinsi yeye anavyofinyanga, kisha akamwachia bonge lake. Chungu cha kwanza cha Mwanaidi kilipasuka motoni kwa kishindo hata kuku wakakimbia. Akainama kungoja matusi. Mama mkwe akachukua kigae kimoja, akakiegemeza kwenye ukuta wa jiko, akaketi kwenye kigoda na kumuuliza mambo matano: alitaka kitokeje, kimetokaje, anadhani nini kimekizuia, safari ijayo atageuza kitu gani kimoja, na yeye aje lini kutazama.

Mwanaidi akajibu kuwa hajui.

"Basi kaangalie," alisema Mama Omari, akainuka kwenda kuchambua maharage.

Ikawa hivyo kila baada ya kuchoma. Maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, hata Mwanaidi akawa anayasikia akilini kabla hayajasemwa. Mwanzoni yalimuudhi sana. Aliamini bibi yule ni mchoyo, ana dawa yake ya udongo na hataki kuitoa. Siku moja alitaka kugeuza mchanga, kuni na mahali pa kuchomea vyote kwa pamoja, ili mambo yaishe. Mama Omari akakataa. Alisema ukigeuza mawili na chungu kikapona, hutajua umshukuru nani.

Kuna siku nyingine Mwanaidi hakuisahau. Aliulizwa nini kimezuia, akasema upepo, kwa kuwa asubuhi ile mama mkwe mwenyewe alikuwa ameulalamikia upepo. Ilikuwa heshima tu, jinsi mtu anavyomwitikia mkubwa wake. Mama Omari akamwekea kigae mkononi. Katikati ya ufa palikuwa na kijiwe, kikubwa kama punje ya hindi.

"Usinipe jibu la adabu, mwanangu," alisema. "Nipe jibu la chungu."

Vigae vilipanga mstari ukutani, kumi, kumi na tano, ishirini na tatu. Baada ya hapo ukatoka mtungi wa maji, mpana, mwembamba shingoni, uliolia vizuri ulipogongwa kwa kidole. Mama Omari aliusikiliza, kisha akauliza aje lini kutazama wa pili. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyotoa, na Mwanaidi aliila kama asali wiki nzima.

Mwaka wa sita wa ndoa, bado hakuna mtoto. Ulikuwa mwaka ule serikali ilipowalazimisha watu kuchimba matuta kwenye miteremko yote, na wanawake walirudi jioni migongo haikunjuki. Barua ya Omari ilifika katikati ya kazi hiyo. Mwalimu wa shule aliisoma kwa sauti ya chini, akaikunja haraka. Talaka. Maji yakimwagika hayazoleki, na Omari alikuwa ameyamwaga akiwa mbali, bila hata kuyatazama yakienda.

Mama Omari alimsindikiza mpaka pale njia inapoanza kushuka kwenda bondeni. Alimpa gunzi la hindi alilozoea kulainishia vyungu. Hakusema kwaheri.

"Nije lini nitazame?" aliuliza.

Mwanaidi akageuka, akashuka na furushi lake kichwani, na swali likabaki pale juu bila jibu. Kwa miaka miwili hilo ndilo lililomuuma, kuliko talaka yenyewe.

Magoma ni kwenye joto, na udongo wake ni mweusi na unanata. Vyungu vilikauka upesi na kupasuka upesi. Mwanaidi hakuviegemeza vigae popote. Mke aliyeachwa, tena mwenye vyungu vilivyovunjika, angewapa watu maneno mengi mno, kwa hiyo alivitupa kwenye shimo nyuma ya nyumba. Akajaribu kujiuliza mwenyewe yale maswali, lakini mtu akijiuliza mwenyewe hujihurumia. Alijibu jua, alijibu bahati, akalala.

Mariamu, jirani yake, alikuja na wanawake wawili kuomba wafundishwe. Mwanaidi akawafundisha kwa amri: mchanga kiasi hiki, maji kiasi hiki, msiguse. Vyungu vyao vikapasuka kama vyake. Walipolalamika aliwaambia hawasikii. Mwezi haukuisha, wote watatu wakarudia kuchota maji kwa madebe, na Mariamu akapunguza hata salamu. Mwanaidi aliwaona wakipita na madebe yao, akajua ni nani asiyesikia.

Siku mtungi mmoja ulipotoka mzima, alimwomba Salimu, aliyekuwa akipandisha chumvi milimani, aufikishe kwa Mama Omari. Salimu alirudi baada ya wiki akiwa na mtungi ule ule.

"Amesema ni mzima," Salimu alieleza kwa aibu. "Amesema mzima haumwambii kitu."

Mariamu alisikia, akaona ni tusi kubwa. Mwanaidi alicheka huku machozi yanamtoka. Alichukua jembe, akaenda kwenye shimo, akafukua vigae mpaka kikapu kikajaa.

Kupanda kurudi Vuga hakukuwa kazi ya miguu peke yake. Mtalaka haendi kwa waliomwacha. Watasema amekuja kuomba arudishwe, na njia nzima aliwasikia wakisema hivyo ingawa hakukutana na mtu anayemjua. Mara mbili aliteremsha kikapu akataka kurudi. Alipofika uani alipokewa na mwanamke kijana mwenye mikono ya udongo, aliyempa shikamoo na kumpokea mzigo. Alikuwa Halima, mke mpya wa Omari. Ukutani kulikuwa na vigae, saba, vimepangwa mstari. Havikuwa vyake.

Wivu aliousikia hapo Mwanaidi hakuwahi kuusikia kwa ajili ya Omari.

Mama Omari alikuwa ndani, miguu imevimba, macho yameingia ukungu. Mwanaidi akapiga goti, akamwamkia. Bibi akaipapasa sura yake, kisha akanyoosha mkono kutaka kikapu, kana kwamba Mwanaidi alikuwa ametoka kisimani tu. Alipitisha kidole kwenye kila ufa. Akauliza. Mwanaidi akajibu, na alipokuwa akijibu kwa sauti mbele ya mtu, alisikia mwenyewe jambo ambalo hakuwahi kuliona: vyungu vilikauka nje huku ndani vikiwa vibichi.

"Utageuza kitu gani kimoja?"

"Nitavikaushia ndani ya nyumba, nimevifunika majani ya mgomba."

"Nije lini nitazame?"

Mwanaidi aliitazama ile miguu. Halima, aliyesimama mlangoni, aliitazama pia. Wote watatu walijua isingefika hata kwenye kona ya njia.

"Jumatano ya pili kuanzia leo, mama," alisema Mwanaidi.

"Nitakuja," akasema Mama Omari.

Aliporudi Magoma, Mwanaidi alikwenda kwanza kwa Mariamu, akamwomba radhi. Halafu akamuuliza alitaka chungu chake kitokeje, akanyamaza kumsikiliza, jambo lililomshangaza Mariamu kuliko hiyo radhi. Wale wawili nao wakarudi. Vyungu vitatu vilikauka polepole chini ya majani, na Jumatano iliyoahidiwa wakavichoma asubuhi. Adhuhuri Mwanaidi akatoa kigoda, akakiweka uani. Mariamu aliuliza cha nani. Akaambiwa cha mgeni.

Mchana ukapita. Mwanaidi alijiambia kuwa alijua, kuwa aliitaja siku kwa kumfurahisha mzee tu, na kwamba hilo nalo lilikuwa jibu la adabu. Alasiri, alipoinama kukiondoa kigoda, akamwona Halima anaingia uani, vumbi mpaka magotini.

"Mama amesema leo miguu yake ni hii," alisema Halima, akiielekeza miguu yake mwenyewe.

Akaketi kwenye kigoda. Alikuwa na haya, akakohoa kidogo, na maneno aliyatoa moja moja, kwa mpangilio ule ule.

"Ulitaka kitokeje, dada?"

Mbele yao palikuwa na vyungu viwili vizima, vingali na joto, ambavyo mgeni yeyote angeonyeshwa kwanza. Mwanaidi akavipita, akaenda akakileta kile kilichopasuka.