Kiti cha Mama Mkunga

Fundi Sponji alikuwa mwembamba kama ufito. Jina lilimpata kwa ajili ya vumbi la sponji lililomganda kwenye nyusi na nywele, hata mkewe alikuwa akimpangusa mlangoni kila jioni kabla hajamruhusu kuingia ndani. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akitengeneza makochi katika karakana ya bati, ubavuni mwa mchomeaji vyuma aliyeitwa Cheche. Sifa yake ilikuwa kuvisha. Ungempelekea kochi lililochanika kila upande, akakurudishia bibi harusi.

Jumatatu moja asubuhi alikuja Mama Mkunga. Mtaa mzima ulimjua. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na miwili katika wodi ya wazazi, na watoto wote wawili wa Fundi Sponji mikono yake ndiyo iliyowapokea. Alikuwa mrefu, mpana, mzito wa mwili, na siku hizo vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba mpaka viatu havifungiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitafutie pa kukaa kwanza, mengine baadaye."

Alivitazama viti vilivyokuwapo, akavipita vyote, akaketi juu ya rundo la mbao.

"Nimestaafu," akasema. "Daktari anataka niinue miguu kila mchana. Nimezunguka madukani wiki nzima nikitafuta kiti cha kulala nyuma. Vingine vinanibana kama gauni la mdogo wangu. Vingine nikikaa tu vinalia. Muuzaji mmoja kaniambia, 'Mama, kaa polepole.' Hebu niambie, nikikaa polepole ndiyo uzito unapungua?"

Wakacheka wote wawili.

"Nitengenezee wewe. Kinibebe, mwanangu. Hilo tu."

Fundi Sponji akachukua futi yake. Akapima upana wa nyonga, urefu wa paja hadi goti, kimo cha kiwiko. Kipimo kimoja hakukichukua: aliona haya kumuuliza uzito, na mama mwenyewe aliona haya kuutaja. Wakapatana kwamba kiti kiwe tayari Jumamosi ya wiki iliyofuata, maana wenzake wa wodini walikuwa wamepanga kumtembelea.

Fundi alijua vizuri kiti cha namna hiyo kinataka nini. Fremu yote ya mbao ngumu, iliyoungwa kwa boliti badala ya misumari. Ubao wa katikati, ule unaobeba kiti kizima mtu anapojilaza, usiwe na kasoro hata moja. Vyuma vya kukunjukia viwe vinene. Sponji iwe nzito, isiyobonyea ikabaki imebonyea.

Lakini Alhamisi, siku mbili kabla ya kukabidhi kiti, mbao ngumu zilimwishia, na muuza mbao akamwambia asubiri mzigo wa Jumatatu. Pembeni palikuwa na kipande cha mbao laini chenye fundo kubwa katikati, kama jicho. Akakipima, kikatosha ubao wa katikati. Vyuma navyo akavitoa kwenye kiti kikuukuu cha mtu wa kawaida. Alijiambia ataongeza boliti mbili chini. Hakuongeza. Kufika Ijumaa jioni kitambaa cha zambarau kilikuwa kimefunika yote, kikiwa kimenyooka bila kunyanzi hata moja. Aibu ya maiti huijua mwosha, na ya kochi huijua aliyelivisha.

Wageni walikuja, wakakisifu kiti. Wiki ya tatu, mama akiwa na wauguzi wawili sebuleni, alivuta mpini wa pembeni wa kukilaza kiti, akajilaza. Pakasikika mlio kama wa tawi kubwa likikatika. Alijikuta sakafuni, miguu juu, kiti kimemfungia katikati. Hakuumia. Ila ilibidi waitwe majirani kumnyanyua, na mmoja wao alicheka kabla hajaziba mdomo.

Kesho yake alikuja karakanani kwa miguu. Cheche alikuwapo, na wateja wawili, mmoja amekuja kuchukua mlango.

"Mwanangu," Mama Mkunga akasema, "nimekuja kukuomba radhi. Nimekivunja kiti chako. Kazi yako ilikuwa nzuri, ni huu mwili wangu."

Fundi Sponji alikuwa ameshika sindano kwa meno. Aliitoa. Hapo ndipo alipopaswa kusema, na alijua ndipo hapo.

"Usijali, mama. Hutokea. Kila kiti kina mzigo wake."

Aliyasikia maneno yake yakitoka kana kwamba anasema mtu mwingine. Mteja wa mlango akatazama dari akizuia kicheko. Mama Mkunga akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mgonjwa aliyepewa majibu aliyoyatarajia, akaenda zake.

Kiti kilipoletwa, Fundi alikifungua peke yake. Ubao ulikuwa umekatika palepale kwenye fundo. Akausukuma chini ya meza.

Alidhani yatapita. Jumapili iliyofuata mkewe alirudi kutoka kumwona jirani aliyejifungua, akakaa kitandani akivua viatu.

"Mama Mkunga alikuwapo," akasema. "Amekataa kukaa. Kila akipewa kiti anasema amechoka kukaa. Kasimama saa nzima, na miguu ile! Hata chai hakunywa. Eti siku hizi anakula mara moja tu kwa siku."

"Kwa nini?" Fundi akauliza, ingawa uso ulikwisha kupata moto.

"Tangu aanguke. Anasema hataki kumvunjia mtu kitu tena. Watu nao wanasimuliana, si unawajua."

Usiku huo Fundi alikigusa chakula akakiacha. Mkewe akadhani ni homa. Siku mbili akawa anapita njia ya nyuma ili asipite mlangoni kwa Mama Mkunga, na kila aliposikia watu wanacheka alidhani wanamcheka yeye. Walikuwa wanamcheka mama, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumatano akautoa ule ubao chini ya meza, akaufunga kwenye gunia, akabisha hodi.

Mama Mkunga alikuwa amesimama jikoni akimenya viazi, akiegemea meza.

"Karibu, mwanangu. Umekonda."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuonyesha kitu." Akafungua gunia. Ulimi ukawa mzito. "Huu ndio ubao uliokatika. Ni mbao laini, tena ina fundo. Nililiona wakati ninaupigilia. Vyuma pia havikuwa vya kiti chako. Mwili wako haukuvunja kitu, mama. Kiti kilitoka kwangu kikiwa kimevunjika."

Mama aliupokea, akapitisha kidole kwenye fundo. Fundi akatamani atukanwe.

"Siku ile nilipokuja kwako," mama akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniangalia nikikuomba msamaha."

"Ndiyo, mama."

"Mbele za watu."

Machozi yalimtoka Fundi, na hata hayo aliyaonea aibu.

"Usinililie," akasema Mama Mkunga. "Wanawake wangapi nimewaambia, mficha uchi hazai? Wewe umeuficha wako ukanivisha mimi. Basi nenda ukaseme pale pale niliposemea mimi. Ukimaliza, urudi na futi."

Kesho yake asubuhi, karakana ikiwa na watu, Fundi Sponji alimwomba Cheche azime mashine. Akainua ule ubao, akaeleza yote, tangu mbao kumwishia hadi yale maneno ya mzigo. Mteja mmoja akauliza, "Na kochi langu je?" Fundi akajibu kwamba alilete, naye atalifungua mbele yake. Makochi matatu yalirudishwa juma hilo. Moja lilikuwa na ubao kama ule.

Aliporudi kwa Mama Mkunga, aliuliza uzito. Mama akautaja, kilo mia moja arobaini na sita, akimtazama usoni, na safari hii aliyeinamisha macho ni fundi. Kiti kipya kilijengwa kwa mbao ngumu tupu, na Cheche akatengeneza vyuma vya unene mara mbili. Kabla ya kuvishwa, mama aliitwa akione kikiwa uchi. Akagongagonga kila ungio. Kisha Cheche, Fundi na yule mteja wa mlango wakakaa wote watatu kwa pamoja na kujilaza, na kiti hakikutoa hata mlio.

Mama Mkunga sasa hujinyoosha kila mchana, na amerudia kula kama zamani. Majirani wakija, hukaa pamoja nao. Fundi huenda kila mwezi kukaza boliti. Hupewa maji, huulizwa hali ya watoto, lakini ule mzaha wa zamani haupo, naye hauombi. Hupiga magoti nyuma ya kiti, akafanya kazi yake kimya, redio ikiendelea kusoma taarifa.