Anayetafuta Mbegu Zinazozama

Saa moja kasoro asubuhi, lango la bustani ya mimea bado limefungwa, na Mama Mianzi tayari amepiga magoti chini. Mbele yake kuna beseni la maji. Anachota konzi ya vitu vinavyofanana na mpunga mwembamba, anavimwaga majini, kisha anatulia kama mtu anayesubiri jibu.

Vyote vinaelea.

"Dada, huo wali utaiva lini?" mlinzi wa lango anamtania, funguo zikilia kiunoni.

"Ukiiva, wewe utapewa ukoko," anamjibu bila kuinua uso.

Si mpunga. Ni mbegu za mianzi. Mbegu tupu huelea, yenye kiini huzama. Mama Mianzi anatafuta zinazozama, na asipopata za kutosha kabla ya mvua, njia ya mianzi aliyoitunza kwa miaka ishirini na miwili itamwagiwa lami iwe maegesho ya magari.

Bustani hii ina mengi ya kumpotezea mtu siku nzima. Kuna bwawa lenye mayungiyungi ambayo majani yake ni mapana kama sinia. Kuna nyumba ya vioo yenye mimea inayokula nzi. Kuna mti unaozaa matunda makubwa kama vichwa, tena si kwenye matawi bali ubavuni mwa shina. Lakini wageni wengi walikuwa wakiulizia kwanza Njia ya Mianzi.

Mianzi ya pande mbili ilikutana juu ikawa paa. Ukiingia adhuhuri, jua lenyewe liligeuka kijani. Upepo ukivuma, ilikwaruzana na kulia kama milango ya nyumba kubwa inayofunguliwa yote kwa pamoja. Maharusi walipigwa picha humo, na watoto walipiga kelele ili wasikie sauti zao zikirudi.

Leo paa limetoboka. Mianzi imesimama mikavu, rangi ya magazeti ya zamani.

Yote yalianza mwaka jana, Mama Mianzi alipoona vilele vinaning'iniza mashuke. "Nikajua ni ugonjwa tu," anasema. "Nani amewahi kuona mwanzi unachanua? Mimi sijawahi. Aliyenifundisha kazi hajawahi."

Akafanya kile ambacho mtunza bustani yeyote angefanya. Akaongeza maji, akamwaga samadi, kisha akachukua ngazi na kisu chenye ndoano, akakata kila shuke alilolifikia. Alikata wiki tatu, mpaka mkono ukavimba.

Mtaalamu wa mimea, binti anayefanya kazi kwenye chumba cha mimea iliyokaushwa, alikuwa safarini. Aliporudi alikuta lundo la maua kando ya njia.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeiponya, mwanangu."

"Haiumwi, mama. Inazaa."

Mama Mianzi alikaa chini papo hapo, juu ya lundo lenyewe.

Binti akamweleza. Mianzi ya aina hii hukua miaka ipatayo sitini bila ua hata moja, kisha huchanua mara moja tu, yote, na kufa. Ukikata pingili ukaipanda mbali, nayo huchanua majira yale yale, kana kwamba imeondoka na saa yake mfukoni. Inahesabuje miaka? "Hapo mama usiniulize," binti anacheka. "Hata waliotufundisha bado wanabishana."

Bustani ni kongwe kuliko mianzi yake. Ilianza kama shamba la majaribio la watawala wa kikoloni waliotaka kujua ni mmea gani ungewatajirisha haraka. Walijaribu mpira, kwinini na mdalasini, na waliochimba mashimo yote ya kupandia walikuwa vibarua pekupeku ambao majina yao hayapo kwenye kibao chochote. Mji ukakua ukalizunguka shamba, na baadaye likafunguliwa kwa watu wote. Mianzi ililetwa mwisho, kichaka kimoja ndani ya sanduku la mbao, ili kuzuia kingo za kijito zisibomoke. Njia nzima ilitokana na kichaka hicho.

Tena si njia peke yake. Hapa mfanyakazi akistaafu haondoki mikono mitupu. Hupewa pingili ya mwanzi akapande kwake. Kwa hiyo mianzi ya bustani ilipochanua, simu ya ofisi haikupumua. Alipiga dereva wa zamani, akapiga fundi bomba, akapiga mpishi wa kantini.

"Mmeniuzia mianzi mibovu!" alifoka dereva.

"Hatukukuuzia, mzee. Ulipewa bure," Mama Mianzi alimjibu.

"Basi mmenipa bure mianzi mibovu!"

Meneja wa bustani si mtu mbaya. Mianzi mikavu inaweza kushika moto, na Jumapili magari ya wageni huziba barabara. "Mama, miche ikiwepo nitapanda," alimwambia. "Isipokuwepo, mimi siwezi kulinda makaburi."

Mbegu zilizobaki ni za vileleni, kisu kisikofika, na huko njiwa na panya walishatangulia. Kila asubuhi beseni lilimpa jibu lile lile. Ndipo, katikati ya kulalamikiwa, wazo likamjia: mianzi ya majumbani hakuna aliyeikata mashuke.

Akawapigia wote waliomfokea, mmoja mmoja. Tandikeni shuka chini ya mianzi. Msifagie, msichome, leteni.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Panga, msimamizi mstaafu aliyemfundisha kazi, anayeitwa hivyo kwa sababu panga halikumtoka mkononi. Alishuka kwenye pikipiki na gunia begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuletea takataka zako. Shukuru uvivu wangu. Ningekuwa na nguvu ningeshaikata mianzi yote."

Mama Mianzi akamwaga konzi ya kwanza kwenye beseni. "Zikazama," anasimulia Mama Mianzi, macho yakimng'aa. "Si zote. Lakini zilizozama zilizama kama zina haraka."

Sasa nyuma ya nyumba ya vioo kuna viriba vya plastiki vyenye miche myembamba kama majani ya nyasi. Binti mtaalamu huipita kila siku akiinama kuikagua. Pingili zote zilikuwa kichaka kile kile kilichokatwakatwa, lakini mche wa mbegu huja na sura yake. "Njia ya zamani ilikuwa mtu mmoja aliyesimama mara mia," anasema. "Hii itakuwa ukoo."

Miche inatosha upande mmoja wa njia. Upande wa pili bado unategemea beseni, na wapimaji wa maegesho walishapigilia vigingi vyao. Mama Mianzi, ambaye mshahara wake huisha mwezi ukiwa nusu na ambaye amebakiza miaka sita kustaafu, anajua kivuli chenyewe kitataka zaidi ya hiyo. Hata hivyo ameshaanza kuchimba mashimo, pande zote mbili.

Juzi meneja alimkuta na jembe katikati ya vigingi.

"Mama, mbona unachimba na huku? Huku huna miche."

"Najua, meneja. Ila lami haipendi mashimo."

Meneja alicheka, akaenda zake.

"Hakuniambia niyafukie," anasema Mama Mianzi, na anachota konzi nyingine.