Unga Unaobeba Paladiamu

Kaka yangu alibeba magunia ya madini ya koltani huko Rubaya kwa miaka saba. Hakuwa mchimbaji. Wachimbaji walishinda mashimoni. Yeye na wenzake walipokea mchanga mweusi uliokwisha kuoshwa, wakautia mgongoni, wakashuka nao mlima kwa miguu mpaka depo ya wanunuzi. Siku moja ya mvua aliteleza, akaanguka kifudifudi, na gunia likamtua kiunoni. Msimamizi wa mizigo aliamuru gunia lipelekwe kwanza, lisije likapasuka na mchanga ukachukuliwa na maji. Kaka alilala kwenye matope, akingoja wenzake wafike depo na warudi kumchukua. Hilo sijalisamehe.

Wakati huo nilikuwa namaliza masomo ya kemia, na bursa, ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo, ilikuwa imeshatoka. Nilitaka kuiacha. Kaka, akiwa amelazwa, alinikataza. Alisema atapona na kurudi kwetu Kalembe kulima muhogo, na kwamba mimi kukaa pembeni ya kitanda chake hakutamnyoosha mgongo. Kulima alirudi kweli. Kunyooka hakunyooka tena.

Profesa aliyenipokea huko ng'ambo alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliochelewesha hasira yangu. Katika maabara yake tulitengeneza vichocheo. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kuisha. Chetu kilikuwa paladiamu, metali ya thamani, katika chembe ndogo mno, ambazo hadubini ya kawaida haiwezi kuzionyesha. Chembe hizo zikiachwa hivi hivi hukimbiliana, zikashikana na kuwa bonge lisilofaa kitu. Kwa hiyo unazipandikiza juu ya unga wa kitu kingine, unaoishika kila moja mahali pake. Wao huuita unga huo support, yaani kibebaji. Wengi hutumia makaa. Profesa alitaka nijaribu oksidi ya tantalamu.

Tantalamu niliijua. Hakuna aliyesoma shule za kwetu Masisi asiyejua kwamba ndiyo inayotafutwa ndani ya koltani. Lakini sikuwahi kuiona ikiwa safi. Ililetwa ndani ya kichupa, nyeupe kuliko unga wa muhogo wa mama. Lebo ilieleza usafi wake, ikaonya tusivute vumbi lake. Ilikotoka haikuandikwa. Nilimwuliza profesa. Akajibu kwamba wananunua kwenye katalogi, na wauzaji huchanganya madini ya nchi nyingi, kwa hiyo hakuna awezaye kujua. Kisha akaongeza, akitabasamu ili nisihangaike:

"Na hiyo ni support tu. Haifanyi kazi yoyote. Inabeba."

Nilirudi kwenye meza yangu nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kazi yenyewe niliipenda, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa nikikoroga unga ule ndani ya maji yenye chumvi ya paladiamu, halafu natia dawa ya kuirudisha kuwa metali, na weupe wote unageuka kijivu mbele ya macho yangu. Kisha namimina kidogo kwenye maji ya njano ya nitrofenoli. Dakika chache, njano inafifia, maji yanabaki meupe kama ya mvua. Kilichobaki ndani yake ndicho ambacho viwandani hugeuzwa kuwa parasetamoli. Baadaye tulifanya badiliko hilohilo kwa gesi ya haidrojeni, ndani ya chombo cha chuma kinachostahimili shinikizo.

Matokeo hayakuwa yale aliyoyategemea profesa. Kwenye makaa, chembe za paladiamu zilianza kushikana baada ya kutumika mara kadhaa, na kasi ikaanguka. Kwenye tantalamu zilikaa palepale. Kibebaji kilikuwa kinafanya kazi. Nilirudia jaribio mpaka profesa mwenyewe akaja kusimama nyuma yangu kutazama. Akafurahi sana. Tangu hapo kila mgeni aliyeingia maabara aliambiwa kwamba siri yote iko kwenye support.

Nilipoandika tasnifu, kwenye utangulizi nilitia sentensi moja: kwamba tantalamu huchimbwa kwa mikono katika milima kama ile ya Rubaya, na watu huishusha mgongoni. Profesa aliikata kwa kalamu ya risasi. Alisema hiyo si kemia, na wajumbe wa jopo wataiona ni siasa. Aliuliza pia chanzo changu ni nini. Nikamjibu kwamba chanzo ni kaka yangu. Akasema, kwa sauti yake ileile ya upole, kwamba kaka si rejeo.

Ningeweza kuiacha ibaki. Hakuna sheria iliyonizuia. Lakini siku za viza zilikuwa zinaisha, na alama zangu zilikuwa mkononi mwake. Niliifuta. Nilitetea tasnifu, nikapigiwa makofi, nikapigwa picha.

Nilirudi Kalembe, na haukupita muda mgongo wa kaka ukakaza hata hakuweza kuinama kufunga viatu. Nilimsindikiza kwenye kituo cha afya. Mwuguzi wa hapo, mwanamke wa rika langu, alitufungulia kopo la parasetamoli ili tuone wenyewe. Lilikuwa tupu. Alisema ni majuma mengi sasa, tangu barabara ilipoharibika, na barua alizoandika kuomba dawa hazikujibiwa.

Tulirudi polepole, kaka akitembelea fimbo. Tulipoketi apumzike, aliniuliza ng'ambo kule nilikuwa natengeneza nini hasa. Nilimweleza yote, unga mweupe, paladiamu, maji ya njano, na dawa inayotokana nayo.

"Kumbe hii dawa tumekosa, inaweza kupitia mule?"

"Inaweza, kaka. Njo ile kazi tulikuwa tunajaribu."

"Na ule unga iko wa kwetu?"

"Haijulikane. Hawaandikake fasi inatoka."

Alichora chini kwa ncha ya fimbo. Kisha akasema:

"Na weye ulikuwa unajua vile tulikuwa tunabeba. Juu ya nini haukuandika?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kwamba niliandika, nikaambiwa nifute, nikafuta.

"Siku nilianguka, wale tulikuwa nabo walisikia gunia ipite kwanza. Walinyamaza juu ya kuogopa kupoteza kazi. Weye pia uliogopa kazi."

Aliinuka akaenda mbele yangu. Kwa siku nne tulikula sahani moja bila yeye kunisemesha. Nilimkasirikia. Nilijiambia hajui viza ni nini wala jopo ni nini. Siku ya tano nilikubali kwamba anajua vizuri kabisa.

Nilimwandikia profesa nikiomba sentensi ile iingie kwenye makala tuliyokuwa tunaandaa. Alijibu kwamba makala imekwisha kutumwa, kisha akanialika nirudi kwa mradi mwingine, juu ya unga uleule. Nilikataa kwa mistari miwili. Makala ilipotoka jina langu lilikuwamo. Mwishoni walishukuriwa waliotuazima hadubini.

Sasa nafundisha kemia hapahapa kwetu, kwa chaki, kwa watoto wa upande wa Masisi na wa Walikale, maeneo mawili yanayopakana hapa. Nilipomweleza kaka kwamba nimeukataa mradi, alisema tu, "Ni muzuri," akaniomba nimpitishie chumvi.

Juma lililofuata nilikwenda kwa mwuguzi nikamwambia twende pamoja kwenye ofisi ya dawa ya zone ya afya, inayogawia vituo. Tulipanda moto, yaani pikipiki, asubuhi, tukafika tumejaa matope. Karani alituambia tuache barua. Mwuguzi akamwonyesha nakala za barua alizokwisha kuacha. Karani akasema basi tungoje, labda mwezi ujao.

"Papa," nilimwambia kwa heshima ya baba, "utuandikie hapa kama dawa hakuna, utie na sinyatire yako chini. Tutaisomea wagonjwa."

Hakutaka kuandika. Alisema mkubwa wake hayupo. Nikamwambia tutamngoja mkubwa, tukaketi kwenye benchi mbele ya meza yake, watu wakiingia na kutoka wakitutazama. Mwuguzi naye hakuinuka. Mchana karani alichukua ufunguo, akaingia chumba cha nyuma, akatoka na katoni ya parasetamoli.

Tuliifunga nyuma ya moto kwa kamba ya mpira. Mwuguzi alicheka njia nzima. Mimi nilikasirika kuliko nilivyokuwa nikienda, kwa sababu nilipoibeba katoni ile viganja vyangu vilijaa vumbi. Ilikuwa imekaa mle ndani siku nyingi.