Mguu Mmoja Ulionenepa

Nakumbuka vigelegele viliingia chumbani kabla sijamwona aliyevipiga. Alikuwa jirani yetu wa Mamboleo, amekuja kukuona wewe, uliyekuwa mchanga bado. Lakini macho yake yalitua kwenye mguu wangu wa kushoto.

"Mama, umelisha mtu! Ona mguu!"

Alikuwa anamwambia nyanya yako, mama wa baba yako, aliyetoka Sondu kuja kunitunza baada ya uzazi. Hakuniruhusu hata kuinua kikombe. Kazi yangu ilikuwa kulala na kunywa uji. Basi akatabasamu kama mtu ambaye ng'ombe wake ameshinda maonyesho.

"Na huu mwingine?" nikauliza.

"Utafika tu. Kunywa uji."

Mwanangu, tukakaa tukiungoja mguu wa kulia unenepe! Wa kushoto ulikuwa wa moto, unauma hata shuka likiugusa. Baba yako, ambaye hakuwahi kumbishia mama yake, akauminya kidogo; nikapiga yowe.

"Mama, unene hauumi hivi," akasema, akanipeleka hospitali. Nyanya yako akatufuata na chupa ya uji.

Daktari akaupima mguu kwa mashine ya picha. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Ingemeguka ikafika mapafuni, wewe ungebaki na nyanya yako na uji wake. Akauliza kama katika ukoo kuna mwanamke aliyewahi kuvimba mguu hivyo, au kufa ghafla baada ya kujifungua. Nyanya yako akaanza kutaja shangazi zake.

"Si kwako, Mama. Kwake," daktari akamkatiza.

Nikamkumbuka dada ya mama yangu, aliyekufa ghafla baada ya kujifungua. Sisi tuliambiwa alirogwa. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kuwa damu yetu ina upungufu wa nadra: imepungukiwa na kile kinachoizuia isigande ovyo, nasi hurithishana. Nikaandikiwa sindano za kuchomwa tumboni.

"Mguu ndio mgonjwa. Tumbo limekosa nini?" nyanya yako akalalamika. Lakini daktari aliposema nitembee, ni yeye aliyeniswaga kwenye korido kama kuruta.

Sasa nawe una mimba. Waambie kliniki leo, hata wasipouliza, kwamba damu ya kwa mama yako huganda ovyo, wakupime. Wakikupa sindano, usiziache kwa maneno ya rafiki. Mguu mmoja ukivimba au kifua kikibana, hata baada ya kujifungua, usingoje wageni waje kukusifu, kimbia hospitali. Mungu aitiririshe damu yako taratibu, akupe mtoto mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akuzeeshe mpaka nawe uwachoshe wanao kwa... Haya! Hata amina hujasema, mlango umeshaufunga.