Ndama Kwenye Hodhi la Chuma

Tekla Hrynkiw alikuwa mtoto mdogo, huko Saskatchewan, Kanada, binamu zake walipomdanganya aulambe mpini wa chuma wa pampu ya kisima asubuhi ya Januari yenye barafu. Ulimi ukagandia chumani. Bibi yake akatoka mbio na birika la chai vuguvugu, akawa anamwagia na kumgombeza kwa pamoja. "Chuma kina njaa, wewe! Hakina joto lake, kinakula la kwako!"

Ulimi ulipona, mshangao haukuisha. Hata alipozeeka, Tekla alikuwa akivua glavu barazani na kugusa mpini wa mti wa beleshi, kisha bamba lake la chuma. Vyote vimelala kwenye baridi ile ile usiku kucha, lakini mti unamvumilia, na chuma kinamnyang'anya mkono joto kabla hajapepesa jicho. Ajabu yote hiyo, na watu wanaipita tu! Mumewe, Orest, hakuacha kumtania. "Umemaliza kusalimia mabeleshi, bibie, au nikuletee na nyundo?"

Mwezi wa Machi, baridi bado kali, ng'ombe wao wa mwisho wa uzao wa mifugo ya baba yake Tekla alizaa malishoni kabla ya siku zake, akafa pale pale. Orest alimkuta ndama bado anapumua. Kama mtu yeyote wa huko, kwanza aliuogopa upepo, akavua koti lake na kumfunika vizuri. Lakini majani makavu ya nyuma ya pikapu alikuwa ameyaondoa ili apakie mapipa. Ndama, bado ameloa maji ya uzazi, alisafiri juu ya bati tupu la chuma.

Nyumbani, Tekla akamtia kidole mdomoni. Ulimi ulikuwa wa baridi, haukunyonya.

"Upepo haujamgusa," Orest akasema. "Nimemfunika koti langu mwenyewe!"

"Na chini, mzee? Chini ulimtandikia nini?"

Orest akaligeukia gari, akaliona bati tupu. Kisha akambeba ndama mbio hadi bafuni, kwenye hodhi lao zito la chuma.

"Usimweke!" Tekla akapiga kelele. "Hodhi lenyewe la baridi. Litamla tena!"

"Anakufa huyu, Tekla!"

"Najua! Mkumbatie!"

Tekla akamimina hodhini maji ya moto kutoka jikoni, akapiga magoti na kubandika kiganja nje ya hodhi. Baridi. Huyu akifa, nyumba ya baba yake haina tena mnyama duniani. Baridi bado. Halafu vuguvugu hilo, linakuja polepole ndani ya chuma kinene, bila tundu wala ufa, mpaka likaufikia mkono wake. Tekla alitamani kulia. Maisha yote alikijua chuma kwa kunyang'anya tu.

Akapoza maji hadi kiwiko kikayastahimili. "Mlete sasa."

Walimshikilia kichwa muda mrefu. Orest akagusa ubavu wa hodhi. "Chuma kile kile. Nilikaribia kumuua nacho."

"Hakina ubaya, mzee. Kinapitisha joto tu, kwenda na kurudi."

Akamtia ndama kidole mdomoni tena. Ulimi ukatikisika, ukakizunguka kidole, ukavuta kwa nguvu. Ulikuwa wa moto.